Mlinzi wa Darini kwa Kasisi

"Usimtukane, wifi. Yule anatulinda!"

"Anatulinda? Anachungulia masufuria yetu!" nilimjibu Enid, huku tukilifunika kwa shuka paja la nguruwe tuliyemchinja bila kibali. Wakati ule wa vita, nyama ikigawiwa kwa kipimo, nguruwe wa siri alitosha kutupeleka jela sote wawili. Na mlinzi alikaa kilimani, darini mwa nyumba kuukuu ya kasisi, ambamo watu wa Mungu walisali miaka mia tatu wasijue wanamtunzia mbeya nafasi. Mikono yake ilikuwa laini kama unga uliochekechwa, nayo ilishika darubini kama mzazi ashikavyo kichanga. Alisema kwa kunong'ona, utadhani Wajerumani wamejibanza kabatini. Kila asubuhi aliipangusa darubini kwa leso, akapiga chafya, kisha akaiacha bahari anakotokea adui na kuielekeza kwenye bomba la moshi la jiko langu. Juzi yake ndege ya Wajerumani ilipita chini hata jogoo wa bati juu ya kanisa akainamisha kichwa, niliona kwa macho yangu haya. Mlinzi alipoulizwa, alisema ndege hakuiona, ila Enid kaanika soksi mpya.

"Basi na nguruwe kamwona," Enid alisema.

"Kama kamwona, wifi, tumekwi—"

Mlango ukafunguka. Enid akalikalia paja. Alikuwa mlinzi mwenyewe, darubini shingoni. Alivuta kiti, akaketi, akanong'ona:

"Haradali ya kulia nyama mmeiweka wapi?"