Barua Kutoka Lurambi

Shamba la miwa likishachomwa, harufu yake hukaa kwenye nguo siku tatu: moshi, sukari iliyoungua na jasho. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Katika miaka ya tisini alikuwa mkata miwa huko kwetu Mayoni, na jioni akirudi, kabla hata ya kunawa masizi usoni, alichukua gitaa na kuimba wimbo aliokuwa akiutunga shambani tangu asubuhi, asije akausahau. Aliimba kantri. Muziki huo aliusikia redioni akiwa kijana, na ingawa Kiingereza hakukijua, aliupenda kwa ile namna ya kuvunja sauti kooni na kusimulia mambo ya nyumbani bila haraka. Yeye alisimulia ya kwetu: ng'ombe aliyepotea, trekta iliyokwama matopeni, jirani aliyehamia Lugari asirudi tena. Jumapili baada ya misa alivaa kofia pana ya mitumba na gambuti alizozing'arisha kwa mafuta ya kupikia, akasimama sokoni akaimba. Watu walimpenda. Aliyeona haya ni mimi.

Nilikuwa na sababu, au nilidhani ninayo. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulinihusu. Mama alishikwa na uchungu akiwa kazini, akanizaa katikati ya mistari ya miwa, na baba akaimba yote: leso ya jirani iliyonipokea, majivu yaliyonidondokea usoni, na jina langu, Nekesa, likirudiwa kila mwisho wa ubeti. Kina mama waliusikiliza wakifuta machozi. Wenzangu wa darasa la saba nao waliuimba kila niliposimama kujibu swali, wakiigiza sauti ya baba ilivyovunjika. Nilimchukia kwa wimbo huo. Sasa nina watoto wangu, na bado sijui mtoto hupata wapi ukatili wa namna ile.

Mwaka huo katekista wetu alimrekodi baba kwenye kaseti, akaituma kwa watu wa studio waliokuwa wakitafuta waimbaji, kisha yeye mwenyewe akahamishwa parokia. Baba alingoja jibu miezi miwili. Siku zile barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la posta la shule, na mwalimu mkuu aliyasoma majina kwenye paredi ili watoto wazipeleke nyumbani. Asubuhi alipotaja jina la baba, mtu fulani nyuma yangu alianza kuguna ule wimbo, na mstari wote ukaangua kicheko. Niliichukua barua nikitazama chini. Wakati wa kurudi nyumbani nilijificha kwenye miwa nikaifungua. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa kwa taipureta. Walikuwa wanamwalika Lurambi, ukumbi wa kanisa, Jumamosi saa nne asubuhi, aje na gitaa. Walitaka kuanza na wimbo wa mtoto aliyezaliwa shambani, na ukiwa sawa wangeurekodi, uchezwe redioni. Nilisoma neno redio mara tatu. Kakamega nzima ingenijua.

Baba alinawa mikono kabla ya kuipokea, jambo ambalo hata kwa gitaa hakulifanya. Akaivua kofia, akaiweka magotini, akanirudishia barua. Nyumbani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza.

"Soma polepole, mama," akasema. Mabinti wa kwetu huitwa hivyo na baba zao.

Nikasoma polepole. Nilisema wanamshukuru kwa kaseti, waimbaji ni wengi, nafasi zimejaa. Sauti haikunitetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Baba alitikisa kichwa taratibu. "Wangeweza kunyamaza tu," akasema, "lakini wameniandikia. Tena kwa mashine." Aliikunja barua akaitumbukiza kwenye tundu la gitaa. Baada ya hapo sokoni hakuonekana tena na kofia yake. Nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine, naye hakununua nyingine. Ila wageni walipokuja aliitoa barua ile na kuniomba niwasomee, wajue aliwahi kujibiwa. Nilisoma uongo wangu mwaka baada ya mwaka. Kadiri nilivyozidi kusoma shule, ndivyo nilivyozidi kuuremba: mara sauti yake ni ya pekee, mara wanasikitika mno. Aliyafurahia maneno hayo kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea.

Leo nafundisha Kiingereza katika shule moja mjini. Kila wikendi vijana wenye kofia pana wanaimba kantri kwenye mahoteli ya Kakamega, nao hushangiliwa, na wanafunzi wangu wanajigamba kuwa wanawafahamu. Desemba iliyopita nilikwenda Mayoni na watoto. Baba macho yamepungua nguvu. Alimsikia kijana mmoja akiimba redioni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nilete ile barua niwasomee wajukuu. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nilitaka kusema yale ya siku zote, lakini binti yangu alikuwa amesimama begani kwangu, ana miaka kumi na mitatu kama mimi wakati ule, na macho yake tayari yalikuwa kwenye mstari wa kwanza. Nikaisoma ilivyoandikwa, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Nilipomaliza nilisema, "Nilikudanganya, baba. Nilikuonea aibu." Kuku walikuwa wakiparua mlangoni. Nilingoja anifukuze, ningeona nafuu.

"Ilikuwa siku gani?" akauliza.

"Jumamosi. Saa nne asubuhi."

Alinyoosha mkono akaipapasa ile karatasi, kana kwamba angeweza kuiona siku yenyewe.

"Jumamosi sikuwanga na kazi, mama," akasema. "Ningeenda."