Wa Nyuma Hawajasikia

Kipaza hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja wa duka la viatu, enzi zile akisimama mlangoni na kipaza sauti mkononi, akiwaita wapita njia mpaka aliyekuja kununua ndara anatoka na buti. Kutoka mlangoni pa duka akaitwa kuendesha harusi moja, kutoka harusi moja akaitwa kwenye nyingi, na sasa hakuna ukumbi mjini usioijua sauti yake. Mshereheshaji hulipwa ili watu wasikae kimya. Yeye mwenyewe husema kimya kikiingia ukumbini shughuli imekufa, na wa kulaumiwa ni mwenye kipaza.

Kwenye michango ndiko hana mpinzani. Kuna watu huahidi kwa sauti ya chini ili kesho wapate pa kukania. Kipaza akimpata mmoja hutega sikio, hukunja uso, kisha husema, "Wa nyuma hawajasikia!" Ukumbi hucheka, bwana yule hurudia kwa sauti, na hapo hana tena pa kuponyokea.

Wanaocheka hawajui ulimi huo ulitoka wapi. Zamani Kipaza alikuwa mke wa mtu, mpole kupita kiasi, wa kuitika "abee" na kuinamisha kichwa. Mwongeaji wa nyumba ile alikuwa binti yake, waliyemwita Chiriku kwa sababu alisema tangu anafumbua macho mpaka usingizi unamkata katikati ya sentensi. Chiriku aliumwa tangu akiwa mchanga. Vidole vilivimba, mifupa ilimuuma, akalazwa na kutoka, akalazwa na kutoka, mpaka mara ya mwisho hakutoka. Daktari alisema ni selimundu, maradhi ya damu ya kurithi.

Msibani, mbele ya majirani wote, mama mkwe alisimama akatengeneza mtandio wake. "Kwetu damu ni safi," alisema. "Maradhi haya yamekuja na sanduku la mke." Mume akatazama viatu vyake. Wanawake waliokuwa wamemshika mfiwa mikono wakamwachia, mmoja baada ya mwingine, na mikeka ya msiba haijakunjwa bado, sanduku lenyewe likawa nje ya mlango. Tangu siku ile hakuna aliyemposa, maana habari za damu yake zilimtangulia kila alikokwenda.

Hakusamehe. Wapo wasemao muda huponya, na pengine huwaponya wao. Yeye alilitunza neno lile kama mtu anavyotunza kisu, analinoa siku za mapumziko.

Mama mkwe yule siku hizi huitwa Mlezi. Ni mlezi wa chama kinachotaka kupima watu selimundu mitaani, hasa vijana kabla hawajaoana. Chama kiliandaa jioni ya kuchangisha fedha za vipimo, na kamati, isiyojua lolote la nyuma, ikamwomba Kipaza aendeshe shughuli. Alikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Walikutana mlangoni pa ukumbi, Mlezi amevaa gauni la kijani linalong'aa, mkufu mara mbili shingoni.

"Kumbe ndiye wewe," Mlezi alisema, akimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Haya. Ya kale hayanuki, mwanangu."

"Hayanuki kwa aliyeyatupa, mama," Kipaza alijibu, akatabasamu kama apendavyo kutabasamu kwa wanaochelewa kulipa.

Shughuli ilianza vizuri. Muuguzi aliyekuwa na meza ya vipimo pembeni alisimama akaeleza kwa lugha nyepesi: mtoto huugua selimundu akirithi kasoro ya damu kwa wote wawili, baba na mama. Mwenye kurithi upande mmoja tu huibeba miaka yote na asiumwe hata siku moja. "Kwa hiyo usimnyooshee kidole mwenzio," muuguzi alisema. "Kipimo ni tone la damu, jibu ni hapa hapa. Na jibu ni siri yako." Watu wakapiga makofi. Mezani hakwenda mtu.

Kisha Mlezi akahutubia, na picha kubwa ikawashwa ukutani nyuma yake. Alikuwa Chiriku, amevaa kofia ya sufu, mdomo wazi katikati ya neno. "Huyu ni mjukuu wangu," Mlezi alisema, akajipangusa jicho lililokuwa kavu. "Kwa ajili yake nimejitoa."

Picha ilikuwa imekatwa. Kiunoni mwa mtoto ulibaki mkono wa mtu mzima, vidole vinne na bangili ya shaba, bila mwenyewe. Kipaza alishusha macho kwenye kifundo cha mkono wake, bangili ikiwa pale pale. Damu ikampanda kichwani mpaka akaona ukumbi mwekundu. Alikuwa amekuja na kisasi kidogo, cha kumrushia Mlezi kijembe kimoja au viwili. Picha ile ilikikuza.

Sasa, mshereheshaji mstaarabu hamwiti mtu mbele kabla ya kupatana naye pembeni. Ndiyo miiko ya kazi, na Kipaza hajawahi kuivunja. Jioni ile aliivunja, tena kwa raha.

"Mabibi na mabwana, meza ya muuguzi inalia upweke!" aliita. "Nani atufungulie njia kama si mama yetu, simba jike, mwenye moyo mpana kuliko ukumbi huu?" Akamvika Mlezi kilemba cha ukoka, safu juu ya safu, mpaka watu wakasimama kushangilia. Mlezi angekataaje?

Alikaa kwenye kiti cha muuguzi, akanyoosha kidole chenye pete.

"Jibu liwe siri, mama, au wote tusikie?" Kipaza aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Siri ya nini?" Mlezi alicheka. "Kwetu damu ni safi. Nitalisema mwenyewe."

Neno lile lile. Kipaza alijua anacheza pata potea, kwani mwana wa Mlezi angeweza kuwa ameirithi kasoro ile kwa marehemu baba yake, si kwa mama. Kipimo kikimsafisha Mlezi, Kipaza atatoka humo amezikwa mara ya pili. Alijaza muda kwa vichekesho.

Muuguzi alimwinamia Mlezi sikioni. Uso wa Mlezi ukaporomoka.

Kipaza akampa kipaza sauti, akarudi nyuma, akafunga mdomo. Ukumbi ukanyamaza. Mpiga muziki alimtazama, akingoja ishara ya kuokoa mambo, naye akatikisa kichwa. Aliacha kimya kile kikae, kinenepe, kimkalie mama yule mabegani. Na kilikuwa kitamu. Asemaye kisasi hakina ladha hajakila kikiwa moto.

"Ninayo," Mlezi alisema hatimaye. "Ninaibeba."

"Nami ninaibeba," Kipaza alisema kwa sauti isiyohitaji chombo. "Nilipimwa wiki ile ile ya msiba. Mtoto huyo alipewa na pande zote mbili. Na mkono huo pichani, mama, ni wa nani?"

Watu waligeukia ukuta, kisha bangili. Mnong'ono ulianza meza za mbele ukaenea. Mlezi alishusha kipaza sauti, akatafuta swichi yake kwa kidole gumba.

"Tuizime hii," alinong'ona. "Tuongee kama watu na heshima zao."

"Siku ya msiba hukutafuta pa kuzima."

Mlezi alimtazama. Kope zilikuwa zimelowa, na safari hii hakuzipangusa. Alisogea karibu mpaka manukato yake yakamfikia Kipaza, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya wawili tu, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea."

Miaka yote Kipaza alikuwa akijiuliza atafanya nini siku akiyasikia maneno hayo. Alidhani atalia. Aliushika mkono wa Mlezi ulioshika kipaza sauti, akauinua taratibu mpaka mdomoni pa mama yule.

"Mama," alisema, "wa nyuma hawajasikia."