Kifua Kilichogongwa Kama Pipa

Miaka ya tisini, mabibo ya mikorosho yakiwa yameiva, waliniita kutoka Chunyu niende Nachingwea, mpwa wangu kalazwa. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini kwetu Wamwera neno la mwisho juu ya mgonjwa ni la mjomba. Baba awepo, mke alie, watamsubiri mjomba. Nikaenda kwa baiskeli. Ile njia sitaki kuisimulia, mchanga mtupu.

Nilimkuta amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Kulala hawezi, pumzi inakatika. Daktari, kijana tu, akaniamkia, akasema, "Mzee, kifuani kuna maji. Tuingize sindano tuyatoe. Wenzako wanasema mpaka wewe."

Kijijini jirani yangu alitolewa maji, hakurudi. Basi tukasema sindano ile inaua. Kwamba tulimchelewesha, hilo hatukulisema.

"Umeyaonaje na yako ndani?" nikamuuliza.

Akalaza kidole mgongoni mwa mgonjwa, akakigonga kwa kingine. Juu, mlio wa kitu kitupu. Akashuka, mlio ukafa.

Sasa, mpwa wangu alikuwa akitengeneza uraka, pombe ya mabibo, na mapipa yake hakuyafungua ovyo. Aligonga ubavuni, akajua pombe imefika wapi. Akasema kwa pumzi fupi, "Mjomba, mimi pipa. Nimejaa mpaka hapo."

"Hata roho ikitoka, wewe uraka tu," mkewe akamwambia, huku anamfuta jasho.

Daktari hakucheka. Akasema ugongaji ule ulianzishwa zamani na daktari mmoja wa Ulaya. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasemekana mtoto alijifunza kwenye mapipa ya mvinyo. Madaktari wenzake wengi walimpuuza.

Nikaomba nigonge mwenyewe, na vidole vyangu hivi vya jembe. Juu patupu. Chini, kama nagonga gogo. Nikamkumbuka jirani. Nikamkumbuka marehemu dada yangu, aliyeniachia mtoto huyu.

"Toa," nikasema.

Yalitoka ya manjano. Chupa ikajaa, ikaletwa nyingine. Mkewe aligeukia ukutani. Mimi nilitazama mpaka mwisho, maana neno lilikuwa langu.

Dawa za kifua alizimeza muda mrefu baada ya hapo. Lakini jioni ile ile alilala chali, jambo lililomshinda tangu korosho zianze kudondoka, na mkewe akaketi karibu, anasikiliza anavyokoroma.