Sikio la Yadi

Kwenye yadi ya vyuma chakavu kila mtu alimwita Sikio, kuanzia bosi hadi mama muuza chai, naye aliitika bila kinyongo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na mdomoni mwa mkewe siku akikasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kazi moja tu, ya kusikiliza makopo ya kupuliza.

Usicheke. Makopo ya dawa ya mbu, ya rangi, ya marashi ya kwapa na ya mafuta ya nywele yalifika pale kwa magunia, na hakuna gunia lililokosa kopo lililotupwa na kitu ndani. Kopo la namna hiyo likikandamizwa kwenye mashine linapasuka, na gesi yake ikikutana na cheche, moto unaruka. Ndivyo alivyoungua mwendesha mashine wa kwanza, uso na mikono yote miwili. Hapo ndipo bosi alipopata akili na kumtafuta mtu wa kuketi mezani akayakague moja moja.

Sikio aliifanya kazi hiyo kwa mbwembwe zake zote. Alilishika kopo, akalitikisa karibu na sikio la kulia, kisha akalibonyeza kidogo, mdomo wa kopo ukielekea kule upepo unakokwenda. Lisipotoa mlio wa maji wala pumzi, limelala, linatiwa kwenye kapu la mashine. Likitoa chochote, liko macho, na kwake ni kizimbani. Kizimba chenyewe kilikuwa cha wavu wa chuma, chini ya paa la bati, mbali na mafundi wa kuchomelea, upepo ukipita kila upande. Humo makopo yalisimama wima kwenye rafu, kila lenye kifuniko limefunikwa, yakingoja gari la watu wenye ujuzi wa kuyatoa gesi.

Hakuna aliyethubutu kukatiza pale na sigara. Kuna fundi mmoja mgeni aliyeacha kopo la rangi juu ya boneti la gari, jua la saa saba likiliwakia, akahubiriwa mpaka chai yake ikapoa. Aliambiwa kopo halikai juani, halikai karibu na jiko, halitobolewi, wala halitupwi motoni hata likiwa tupu. Kisha Sikio akamalizia, "Wewe ukichomwa na jua unalalamika. Hili halilalamiki, linapasuka."

Kapu likijaa, alipaza sauti, "Yamelala!" Mwendesha mashine wa sasa, ambaye ni mpwa wake, binti wa dada yake, alijibu, "Yalale salama, Mjomba," akabonyeza kitufe. Sikio mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ile.

Mambo yalianza kwenda kombo nyumbani. Siku moja birika lilichemka mpaka likakauka naye ameketi kando yake anasoma gazeti. Mkewe akimwambia maji ya kuoga yako tayari, yeye anajibu kwamba hata yeye amechoka. Watoto walicheka, naye akacheka nao, lakini moyoni aliogopa sana. Mkewe alimsukuma mpaka akaenda hospitali. Walimpima, wakamwambia sikio la kulia limebakiza kidogo na la kushoto linalifuata. Ile karatasi aliikunja mara nne, akaificha ndani ya kiatu asichokivaa. Mtu aliyeitwa Sikio miaka yote hiyo angeanzaje kusema hasikii?

Kazini alijitungia ujanja. Kopo lolote alilolitilia shaka alilipeleka kizimbani. Mwezi haujaisha, kizimba kikafurika, na bosi akaja kusimama mezani, mikono kiunoni, kuuliza ni nani anayeyaamsha makopo yote siku hizi. Alimtaka apunguze woga. Sikio akaitikia, na tangu siku hiyo akawa anakisia kwa uzito wa mkononi, akijipa moyo kwamba mkono wake nao ni mzoefu.

Alhamisi asubuhi alikutana na kopo jekundu la rangi, dogo, limeshika kutu. Alilibonyeza, halikutoa kitu, maana mdomo wake ulikuwa umezibwa na rangi iliyokauka. Alilitikisa. Alihisi kitu kinacheza ndani, au labda ni mkono wake tu uliochoka. Akatazama kizimba kilivyojaa, akakumbuka mikono ya bosi kiunoni, akalitia kwenye kapu.

"Yamelala!"

Mpwa wake alilimimina kapu. Makopo yaliporomoka kwa kelele nyepesi ya mabati matupu, isipokuwa moja lililotua kwa kishindo kizito. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe, akauondoa. Akaliokota lile jekundu, akalitikisa, akaja nalo mezani.

"Mjomba, tikisa hili."

Alilitikisa.

"Unasikia?"

Angeweza kudanganya. Uongo alikuwa nao tayari, ameuzoea. Lakini alimtazama usoni, akaona alivyo mtoto wa dada yake kabisa, uongo ukamshinda.

"Sisikii," alisema. "Tangu kabla ya mvua."

Mpwa wake aliketi juu ya gunia. Akasema jambo kwa sauti ya kawaida, Sikio hakulipata, akamwomba arudie. Safari hii binti yule ilibidi apaze sauti, na yadi nzima ikasikia.

"Mume wangu ananiuliza kila asubuhi kama kazi hii ni salama! Namwambia yuko Mjomba!"

Sikio aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa bosi na ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema atakubali hata kuhamishiwa getini, ila ukaguzi usibaki tena kwa mtu mmoja. Ziwekwe ndoo ya maji na mizani ndogo. Kopo libonyezwe mdomo ukiwa majini, na povu likitoka liko macho. Yale yaliyoziba yapimwe uzito, kisha mtu mwenye masikio mazima ayatikise yote kabla ya mashine. Bosi alikuna kichwa, akasema ndoo ni ya kwake Sikio mpaka apatikane mwingine. Mpwa wake akasema kutikisa ni juu yake, kwa sababu anayesimama mbele ya mashine ni yeye.

Jumatatu Sikio alikagua kapu la kwanza kwa maji na mizani. Hakupaza sauti. Alilibeba mwenyewe hadi mashineni, akaliweka chini. Mpwa wake alizima mashine, akayatikisa makopo yote thelathini na moja, moja baada ya jingine, huku watu waliokuwa wakingoja zamu ya mashine na mizigo yao wakinung'unika kwamba watalala pale. Alipomaliza aligeuka, akasema neno moja. Sikio hakulisikia, ila midomo aliiona, na neno hilo, alilolipaza yeye miaka yote, alilijua vizuri kuliko jina lake.

Hakurudi mezani. Alizunguka, akasimama kando ya mpwa wake nyuma ya wavu wa kinga, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusimama mashine ikifanya kazi.

"Bonyeza," alimwambia.