Pole Thelathini na Moja

Mwanahalima binti Jumanne, wa Baleni, ana ndugu wengi, na kwa muda wa mwaka mzima karibu wote aliwakuta ndani ya simu.

Simu yenyewe hakuiomba. Mwanawe Kheri, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimletea, ile ya kupangusa, akamtia kwenye grupu la wasapu la ukoo na kumwambia, "Sasa mama hutakuwa mpweke tena." Mwanahalima, mjane wa miaka sitini na mbili, hakujua kwamba alikuwa mpweke. Alikuwa na mihogo yake, alikuwa na ukili wake wa mikeka, na alikuwa na mdogo wake Sabra, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake humwombea rehema bila kunyanyuka alipokaa. Kila baada ya adhuhuri waliketi barazani, mmoja akisuka, mwingine akishona, wakimjadili kila aliyepita.

Sabra naye alipopata simu, mambo yakaharibika polepole. Kwanza aliacha kuja siku za mvua, akawa anatuma sauti. Kisha akaacha kuja hata jua likiwaka. Mwanahalima akawa anasikia salamu ileile mara mbili, kwanza kupitia dirishani, kwa sababu Sabra akirekodi hupaza sauti, halafu kwenye simu.

"Shikamoo dada, umeamkaje?"

"Njoo uone nilivyoamka," Mwanahalima hujibu peke yake, huku akivuta ukili kwa nguvu hadi unakatika.

Na grupu lile. Alfajiri hata hajamaliza nyiradi zake, simu inaanza kutetemeka: picha za maua, dua ileile imetumwa na watu sita, mtoto wa mtu anacheza ngoma, mtu anauliza nani kafariki, hakuna anayemjibu, picha za maua tena. Shikamoo zimeandikwa kwa herufi mbili tu. Alimuuliza Kheri, hii marahaba nayo niikate? Kheri akamtumia kikatuni kinachocheka.

Jumatatu moja alikanyaga kifuu nyuma ya jiko, akaanguka vibaya. Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Alimwita Sabra, lakini Sabra alikuwa shamba. Basi akajikokota hadi ndani, akashika simu, akalitumia sauti grupu zima: "Nimeanguka. Siwezi kusimama, na mtungi hauna maji."

Haikupita nusu saa, pole zikamiminika. Alizihesabu, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine: thelathini na moja. Sabra alituma vikatuni vitatu vinavyolia na dua ndefu. Husna, binti wa Sabra aliyeolewa Kiegeani, akaandika, "Nakuja mama mkubwa." Baada ya hapo mtu akatuma picha za harusi, na mazungumzo yakahamia kwenye mapambo ya bibi harusi.

Husna hakuja. Jioni Mwanahalima alimsikia mdogo wake akipiga soga uani kwake, akicheka. Angeweza kumwita tena. Hakumwita. Keshasikia, alijisemea, kama ana miguu ataileta. Akanywa maji ya nazi mbili zilizokuwa mvunguni, akalala na hasira yake. Jumanne ikapita hivyohivyo.

Jumatano asubuhi alikuja Safia, jirani wa upande wa pili, kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Safia ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, ambacho betri yake ilikufa tangu Ramadhani. Alimkuta Mwanahalima anatambaa kuelekea chooni. Hakusema pole. Alisema, "Shika bega langu," akamsaidia, akachota maji, akampikia uji, kisha akaita bodaboda kumpeleka hospitali, nako wakaambiwa mfupa una ufa mdogo.

Waliporudi, mguu ukiwa umefungwa, Mwanahalima alifungua simu na kukuta Kheri kaandika, "Mama anaendeleaje jamani?" Watu wanne walikuwa wamejibu kwamba anaendelea vizuri.

Alitafuta palipoandikwa kuondoka, akapabonyeza.

Chai haijapoa, Sabra kafika, mtandio begani, anahema. "Dada, umejitoa. Tumekukosea nini?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimevunjika mguu tangu juzi."

Sabra akautazama ule mguu kama kitu kipya. "Si tulikupa pole?"

"Thelathini na moja. Hakuna hata moja iliyochota ndoo ya maji."

"Husna alisema anakuja."

"Na Husna alijua wewe uko hapo ng'ambo."

Sabra akaushusha mtandio begani. Mara wakaingia wengine, saba kwa jumla, wote wamekuja kwa sababu ya kujitoa kwake, si kwa sababu ya mguu. Kaka yao Haruni akataka kikao. Mpwa wao Dulla akaupiga mguu picha.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Mwanahalima akauliza.

"Kwenye grupu, shangazi. Wajue hali yako."

"Dulla, nitakupiga kwa mguu huuhuu."

Akawafukuza wote, isipokuwa Sabra, ambaye alikwisha kaa chini na kuanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Sabra aliosha, Mwanahalima akakausha. Mwishowe Sabra akasema, bila kugeuka, "Nikikutumia sauti, najiona nimeshakuja. Wallahi ndivyo ninavyojiona."

"Mimi sikuoni," Mwanahalima akajibu.

Hakurudi kwenye grupu. Kheri alimwingiza mara mbili, akatoka mara mbili, hadi kijana akakubali kupiga simu kila Ijumaa. Hasara nayo ipo: mjukuu wa Haruni alizaliwa, na Mwanahalima alipata habari siku ya saba, wengine wote wakiwa wameshakwenda kumwona. Alikasirika juma zima, na hakujua amkasirikie nani.

Sasa Sabra huja kila asubuhi. Huja na simu, hujikalisha kizingitini, humsomea dada yake grupu zima, tangu la kwanza hadi la mwisho, pamoja na majina ya walioweka vikatuni.

"Ruka hayo," Mwanahalima humwambia. "Nani mgonjwa?"

"Subiri, bado sijafika huko."

Naye husubiri, akisonya.