Tulisali Mbele ya Kufuli

Padri wetu mzee aliondoka siku ya kazi, asubuhi, na hakuna aliyepiga ngoma. Askofu alikuwa amempeleka parokia nyingine, mbali, upande wa msitu. Gari iliyokuja kumchukua haikuzima hata moteri. Mama yangu alimpa kuku mwekundu aliyefungwa miguu, padri akamkumbatia kuku yule kama mtoto mchanga, akapanda, wakaenda. Yeye ndiye aliyetubatiza sisi wote nyumbani, na ndiye aliyemzika baba yetu. Tulibaki barabarani tukitazama vumbi.

Padri mpya alikuwa hajatajwa. Na wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba Baba Mtakatifu amefariki Roma. Jirani mmoja aliniuliza sokoni, akicheka kidogo: "Sasa weye mukatolika, utasali kwa nani?" Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kujibu maswali, lakini hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Kapela yetu, kikanisa cha mtaa, iko mwisho wa mji wa Bunia, hapa Ituri, kwenye njia inayokwenda Bogoro. Mama ni kiongozi wa shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja. Alibeba mchanga wa kuijenga kapela hiyo kichwani, tulipokuwa ndiyo kwanza tumefika kutoka Bule. Bule tulikuwa na ng'ombe, mashamba na kanisa la matofali. Vita vilipofika tulikimbia na nguo za mwilini. Kwa hiyo mtu anayesema kapela ile ni nyumba tu ya mabati hajui anachokisema.

Jumapili ya kwanza bila padri tulikuta kufuli mpya mlangoni, kubwa, iking'aa. Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia alikuwa amesimama pembeni, funguo mfukoni. Sisi tulimwita Papa Prezida, yaani Baba Mwenyekiti. Alikuwa mtu wa heshima, mfanyabiashara wa mbao, na sidhani alikuwa na nia mbaya.

"Mama, kapela inafungwa mupaka remise-reprise," alisema. Hayo ni makabidhiano, padri wa zamani na padri mpya wanapohakikisha vitu vyote vipo. "Kalisi ya misa, ngoma, viti, vyote viko ndani. Kitu kikipotea, ni miye wataniuliza. Muende kusali ku parokia kubwa."

"Ku parokia kubwa ni mbali, Papa Prezida," mama alimjibu. "Hawa wamama wazee watafikaje? Na hawa wa ku site?"

Alikuwa anasema juu ya wakimbizi wa Djugu waliokuwa wanaishi chini ya mahema karibu na kapela. Wengi walikuwa wamekuja na watoto, na baadhi hawakuwa hata na viatu.

"Hakuna padri, hakuna misa, Mama. Wabaki nyumbani, Mungu anaelewa."

Mama akatandika kitenge chake kwenye ngazi, mbele kabisa ya mlango, akapiga magoti.

"Bule walitufukuza na bunduki," alisema bila kugeuka. "Hapa ni kufuli tu. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Watu waliokuwa wameanza kuondoka walirudi. Nilipiga magoti pia, kwenye kokoto, na goti langu la kushoto lilikuwa limevimba jioni. Mama alisoma Injili kwa miwani yake yenye kioo kimoja kilichopasuka. Alipofika kwenye maombi alisimama. Kwa kawaida tunawataja Baba Mtakatifu na askofu kwa majina yao. Nilijua jina moja halipo, nikadhani ataliruka. Hakuliruka.

"Tunamuombea Baba Mtakatifu wetu mupya," alisema kwa sauti kubwa. "Siye hatumujui bado. Mungu ameisha kumujua."

Tuliitika: "Bwana, utusikie." Papa Prezida alikuwa bado amesimama pale. Niliona midomo yake ikitikisika.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wengi zaidi. Watu hawapendi kufungiwa, na habari ilikuwa imezunguka mtaani kwamba kuna mama anasali mbele ya kufuli. Wengine walikuja kuangalia, wakabaki kuimba.

Kaka yangu mkubwa alikuja wakati huo kutoka Iga Barrière, ambako alikuwa anafanya biashara ya vifaa vya wachimba dhahabu. Alikuwa ameacha Kanisa letu siku nyingi na kuhamia kanisa la uamsho, lenye maspika makubwa na unabii kila Ijumaa. Tulikuwa tunakula bugali na samaki ya ziwa alipoanza.

"Mama, Kanisa yenu imekufa. Papa wa Roma amekufa, padri amekwenda, mulango imefungwa. Munangoja nini?"

"Yaya, usiseme vile," nilimwambia, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Acha aseme," mama alisema. Alikuwa anatoa miiba kwenye samaki, polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote. "Baba yenu alikufa. Hii nyumba ilikufa?"

Kaka alisogeza sahani yake kando.

"Nilibaki na weye na dada yako. Sikujua mutakula nini. Nilijua tu siendi popote. Na sasa pia siendi popote. Kula, samaki itapoa."

Kaka alikula. Lakini kesho yake, alipoondoka, alisema kwamba anamwonea mama huruma, na neno hilo lilinichoma kuliko dhihaka. Katika Ituri tumeonewa huruma vya kutosha. Watu wanakuja na magari yenye antena, wanatupiga picha tukiwa tumeshika sahani, wanaondoka na huruma yao. Sikutaka huruma ya ndugu yangu. Nilitaka akasirike pamoja nasi.

Mvua zilipozidi, mambo yakawa magumu. Tulikuwa tunajibana chini ya ukingo wa paa, watoto mbele, watu wazima wakilowa mgongoni. Nilimwambia mama labda tupumzike mpaka padri mpya aje. Aliniuliza kama shule huwa inafungwa kwa sababu mkurugenzi hayupo. Sikumwambia tena habari ya kupumzika.

Siku chache baadaye mtu wa pikipiki alisimama mbele ya nyumba na mabashi, yaani yale maturubai ya plastiki ya bluu yanayotumiwa kwenye machimbo, yamekunjwa na kufungwa kamba. Yalitoka kwa kaka. Nilimpigia simu kumshukuru.

"Si kwa Kanisa," alisema haraka. "Ni kwa mama. Atashikwa na baridi ya kifua."

Tuliyafunga kutoka kwenye paa hadi kwenye miti ya mikaratusi. Papa Prezida alikuja kutuona tukifunga, na safari hii alikuwa amekasirika kweli.

"Mama, unagawanya parokia! Padri mupya atasikia hii yote."

"Asikie," mama alisema kutoka juu ya kiti alichokuwa amepanda. "Akisikia, atakuja mbio. Nishikie hii kamba."

Aliishika. Alikuwa amelelewa vizuri, hakuweza kumwacha mama mzee na kamba mkononi. Kisha akakumbuka hasira yake, akaondoka.

Moshi mweupe wa Roma, wa kutangaza Baba Mtakatifu mpya, tuliuona kwenye simu ya msichana wa kwaya, wamama wengi tumeinamia kioo kimoja kilichochafuka. Mtandao ulikatika kabla mtu hajatokea kwenye roshani, na jina tulilipata baadaye kwenye redio. Jumapili mama alilisema kwenye maombi. Lilimkwaza ulimi. Alirudi mwanzo, akalisema tena kwa nguvu zaidi, na watu wakapiga vigelegele katikati ya sala.

Padri mpya alifika bila kutangazwa. Kijana, mwembamba, juu ya pikipiki, soksi zake nyekundu kwa vumbi. Alisimama nyuma chini ya plastiki na kusikiliza mpaka mwisho. Papa Prezida alikuwa kando yake, mikono nyuma, akingoja hukumu.

"Mama, nani alikupa ruhusa ya kuhubiri?" padri aliuliza.

"Hakuna, Padri. Lakini hakuna mwenye alikuja kuhubiri."

Padri alitazama ile kufuli, kisha wale wazee waliokaa kwenye mawe. Alinyoosha mkono kwa Papa Prezida, akaomba funguo, akafungua mlango mwenyewe. Ndani kulikuwa na harufu ya popo. Kalisi ilikuwapo, ngoma ilikuwapo. Mama mmoja wa kutoka kwenye mahema aliingia na kulala kifudifudi sakafuni, na hakuna aliyemwinua.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Baada ya misa padri alitwambia kwamba kuanzia sasa, siku ambazo yeye hayupo, ibada itaongozwa na katekista aliyesoma, siyo na kila mwenye sauti. Alisema hivyo kwa upole, lakini akimtazama mama. Nilifungua kinywa, mama akanikanyaga mguu.

"Masomo ya katekista iko wapi, Padri?" aliuliza.

"Ku centre ya diosezi. Lakini ni miezi mingi, Mama. Na wengi ni vijana wanaume."

"Wanawake wanakatazwa?"

"Hapana. Hawakatazwi."

"Basi nitaenda."

Papa Prezida alicheka. Na mama pia alicheka, lakini yeye alienda kweli. Alikaa darasani na vijana waliomwita nyanya, akaandika kwa mkono wake mkubwa wa jembe, akabishana na mwalimu juu ya toharani, ambako roho hutakaswa. Mtihani wa kwanza alianguka. Alilia nyumbani, jikoni, akifikiri simwoni. Akarudia, akapita.

Sasa anaongoza ibada padri anapokuwa upande mwingine. Mwaka huu wanawake wawili kutoka kwenye mahema wameanza masomo hayohayo. Kaka hajaingia kapela hata siku moja, na sijui kama ataingia. Wapo wanaume wanaonung'unika bado. Wakati wa kutakiana amani, Papa Prezida hamnyooshei mama mkono. Mama anamnyooshea wake hata hivyo, na anauacha hapo hewani, kwaya ikiimba, mpaka aupokee.