Picha Zilizobaki Nosy Be

Shangazi yangu alipokubali hatimaye kuhama kisiwa cha Nosy Be na kuja kukaa nasi mjini Mahajanga, nilitumwa mimi kumchukua. Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, na kwetu mtu wa namna hiyo hutumwa popote.

Kompyuta yake ya mezani ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, ikabaki kwa jirani yake, mwanamke anayewauzia wageni mafuta ya mlangilangi. Shangazi hakuililia. Alichotaka ni zile picha ndogo zilizopangwa kwenye skrini: jua la tovuti ya hali ya hewa, simu ya samawati ya kuongea na wanawe walio ng'ambo, na kitabu cha kijani cha tovuti anayosikilizia Kurani. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri. Za Kifaransa zilimchosha. Alitazama picha, akabofya, basi.

Nikazinakili zile njia za mkato zenye picha hizo kwenye flashi. Nikazinakili tena katika folda nyingine, kisha nikaanza kujiuliza kama nakala mbili haziwezi kugombana. Shangazi akaifunga flashi kwenye pindo la leso yake. Safari nzima, baharini na barabarani, sikusinzia kwa kuwaza jasho lake lisije likaipenya flashi.

Kwetu, mtu akihamia nyumba, vya kwanza kuvuka kizingiti ni Msahafu na chumvi. Mizigo mingine hungoja nje. Shangazi alitimiza hayo mlangoni kwetu, mtaa wa Antanimasaja, kisha akaniona naiwasha kompyuta mpya niliyomwandalia.

"Na humo pia," akasema. "Kitabu kwanza." (Nyumbani tunachanganya Kikomoro na Kimalagasi, na Kifaransa tukikasirika, hapa nawasemesha wote Kiswahili.)

"Hii ni mashine tu, shangazi."

"Kwani si kuhama?"

Nikasema bismillahi, nikakiburuta kitabu cha kijani kutoka kwenye flashi. Kikatua kwenye skrini kikiwa karatasi nyeupe tupu, kona yake imekunjwa.

Shangazi akainama kuitazama. "Kimekataa kuingia."

"Nani kakataa kuingia?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Kitabu, wifi. Nyumba haijanipokea. Mizigo isifunguliwe, nitarudi kwangu."

"Kwa sababu ya karatasi?"

"Kingekuwa karatasi nisingesema kitu. Kilikuwa kitabu."

Akaenda kukaa barazani kando ya mabegi yake, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari. Mama akanivuta jikoni.

"Miaka yote namwomba aje," akaninong'oneza. "Tangu baba yako afariki nala peke yangu."

"Mama, si nipo?"

"Wewe unakula unautazama ukuta. Shahada yako leo ndiyo siku yake. Akipanda gari huyu, na wewe panda."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaiondoa karatasi, nikaiweka upya. Nikabadilisha tundu la flashi. Nikaleta jua, likawa karatasi. Nikaleta simu, karatasi. Nikaanza kujiuliza kama ile bismillahi niliitamka kwa sauti au kimoyomoyo, na kama mashine inajali.

Mwishowe nikaifungua njia ya mkato kwa programu ya kuandikia, niione ndani. Kulikuwa na mistari michache tu. Mmoja ulikuwa anwani ya tovuti. Mwingine ulisema picha ikatafutwe wapi: katika folda fulani, ndani ya folda nyingine, ndani ya folda yenye jina la shangazi. Folda hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya Nosy Be. Kumbe picha yenyewe haikuwahi kuwamo kwenye flashi. Nilikuwa nimesafirisha maelekezo ya kufika nyumba ambayo huku haipo.

Nikampigia simu yule jirani wa Nosy Be.

"Mama, kwenye ile kompyuta kuna folda iliyofichwa."

"Nani kaificha? Mimi sijagusa kitu!"

"Hakuna anayekulaumu. Imejificha yenyewe."

"Basi ina sababu zake."

Nikamwelekeza, bofya hapa, weka alama pale. Alipoifikia akapiga ukelele: "Wamo! Jua, simu, kitabu, wote wamekaa kimya humu!" Akanitumia picha hizo kwa barua pepe.

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akaingia. "Viko kwake?"

Nikamweleza kwa makini, nikiogopa kumwudhi: kitabu hakikukataa. Kilipofika kiliulizia chumba chake cha zamani, hakikukiona, ndiyo maana kikasimama uso mtupu. Sasa ningeweza kukielekeza kwingine, lakini nilihofia kukosea herufi moja nikaharibu—

"Maneno mengi," akanikata. "Kitengenezee chumba chake."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaunda folda yenye jina lake, ndani yake nyingine, na nyingine, kwa majina yaleyale ya Nosy Be, nikaziweka picha humo. Skrini ikabaki na karatasi zake. Shangazi akaguna. Nikazima, nikawasha, nikafumba macho.

"Hicho," akasema.

Kitabu kilikuwa kijani. Akakibofya mwenyewe, na sauti ya msomaji ikajaa sebuleni. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mpaka aya ikaisha.

"Haya, wifi. Umepokewa?"

Shangazi akaenda kwenye chumba alichoandaliwa, akasimama mlangoni, akakipima kwa macho.

"Kwangu kitanda kiko chini ya dirisha," akasema. "Na kabati halinitazami nikilala."

"Kabati hilo aliliweka kaka yako mwenyewe. Halijawahi kusogezwa."

"Kaka yangu hakulala na mimi chumba kimoja tangu tukiwa watoto. Wewe msomi, njoo ushike huku."

Nikalishika kabati. Nikauliza kama sakafu itahimili, kama tuvitoe vitu kwanza, kama mguu wa nyuma haujaliwa na mchwa. Shangazi akaanza kusukuma. Mama alikuwa barazani, amelipakata begi la kwanza, anaivuta kwa meno zipu iliyokwama ili alifungue.